Hita inayokutekenya bafuni si ya kuzoea

Baridi ya Julai ikishika jijini Nairobi, ni nani atakayekubali kuoga maji baridi saa kumi na moja alfajiri kabla ya kukimbilia matatu? Ndiyo maana hita ndogo za umeme, zile zinazofungwa juu ya kichwa cha mwogaji, zimeenea katika nyumba za kupangisha. Unafungua mfereji, maji yanapita ndani ya hita, na papo hapo yanatoka yakiwa na joto.

Lakini hebu nikuulize, msomaji: je, huwa unavaa malapa ya mpira unapooga? Je, hufunga mfereji kwa kutumia taulo kavu? Na mgeni akija kwako, humwonya kwamba 'usiguse ile bomba, inatekenya kidogo'? Ikiwa jibu lako ni ndiyo, basi makala haya ni yako.

Wengi wetu tumeshazoea kutekenywa huku. Tukimlalamikia fundi, hujibu kwamba ni kawaida ya hita. Tukimweleza mwenye nyumba, hutuambia tununue malapa. Nami nasema waziwazi kwamba si kawaida hata kidogo. Mtekenyo huo ni umeme unaopita mwilini mwako. Leo umepita kidogo, na hakuna ajuaye kesho utapita kiasi gani.

Ili uelewe hatari yenyewe, yafaa ujue hita hii hufanya kazi vipi. Ndani yake mna waya uliosokotwa kama springi, ambao mafundi huuita elementi. Katika hita nyingi za aina hii waya huo uko wazi na maji hupita moja kwa moja juu yake. Hita ya wati 5,500 hutumia takriban ampea 23 kwa umeme wetu wa volti 240. Hiyo ni nguvu ya kuwasha balbu 550 za wati 10 kwa pamoja, nayo imo bafuni, inchi chache kutoka utosini pako.

Watengenezaji wanajua hayo. Kwa sababu hiyo huweka waya wa tatu, aghalabu wa rangi ya kijani au kijani na manjano, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme wowote unaovuja kabla haujamfikia mwogaji. Kwa bahati mbaya, waya huo ndio mafundi wengi huukata au kuukunja na kuuacha ukining'inia. Kisa na maana? Hita huwaka hata bila huo waya. Wengine huufunga kwenye bomba la maji, na siku hizi mabomba mengi ni ya plastiki, ambayo hayapitishi umeme. Wabaya zaidi huuunganisha na nyutro. Nyutro hiyo ikikatika siku moja, hita nzima pamoja na maji yake hugeuka kuwa mtego.

Utasikia mtu akisema, 'Mimi sina wasiwasi, breka ipo.' Huku ni kukosea. Breka ya hita hukadiriwa ampea 32 hivi, na kazi yake ni kuzuia nyaya zisiungue. Moyo wa mwanadamu hauhitaji umeme mwingi hivyo ili usimame. Miliampea 30, yaani sehemu 3 kati ya 100 za ampea moja, zinaweza kukaza misuli ya kifua hata mtu ashindwe kupumua. Zikizidi hapo, mapigo ya moyo huvurugika. Ngozi kavu hujikinga kiasi, ila ngozi iliyolowa haina kinga ya maana. Breka haitajua lolote huku mtu akifa.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kingine kabisa. Kimeandikwa RCD na kina kitufe cha kujaribia chenye herufi T. Chenyewe hupima umeme unaokwenda na ule unaorudi, na kikigundua miliampea 30 zimepotea njiani, hukata stima kwa kasi kubwa mno. Nenda kwenye ubao wako wa stima leo ukitazame. Ikiwa kipo, bonyeza kitufe hicho kila mwezi. Kisipokata, kimekufa. Ikiwa hakipo, umejua la kumwambia mwenye nyumba. Lakini kumbuka kwamba hakichukui nafasi ya waya wa ardhini. Vyote viwili vinahitajika.

Sasa tuje kwa matatizo ya kila siku. Maji yakiwa hayapati joto, usikimbilie kununua hita mpya. Kwanza zima breka. Kisha fungua mfereji utazame nguvu ya maji. Hita hizi hazijiwashi maji yanapokuwa dhaifu, na pengine tangi limekaribia kuisha au liko chini mno. Ikiwa maji yana nguvu bombani lakini yanadondoka tu kwenye hita, huenda matundu yameziba kwa chumvi. Fungua kile kichujio cha chini, ukisugue kwa mswaki mkuukuu na siki, ukirudishe. Kazi hiyo unaiweza mwenyewe, mradi breka imezimwa.

Ikiwa maji ni mengi na bado ni baridi, yaelekea elementi imekatika. Mara nyingi mgao wa maji ndio chanzo. Maji yakirudi baada ya siku mbili huja na hewa, elementi ikawaka bila maji ya kutosha, ikaungua. Kwa hiyo, mgao ukiisha, zima breka na uyaache maji yapite mpaka yatulie, kisha ndipo uwashe. Hata hita mpya au elementi mpya yataka kupitishiwa maji kwanza kabla ya stima. Na usibadilishe kidude cha kuchagua kiwango cha joto wakati maji yanapita.

Wakazi wa mitaa inayotumia maji ya visima yenye chumvi, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mashariki mwa Nairobi na kule Mombasa, wana sababu zaidi ya kuwa macho. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi na hula elementi haraka. Ziko hita na elementi zilizotengenezwa kwa maji ya namna hiyo. Uliza dukani kabla ya kulipa.

Kuna dalili ambazo si za kujaribiwa nyumbani. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ukiona swichi imebadilika rangi, breka ikijikata tena na tena au ukitekenywa hata mara moja tu, zima breka na usiiwashe tena. Oga kwa maji ya sufuria. Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, na umwambie akuonyeshe leseni hiyo. Asikubadilishie elementi tu na kwenda zake. Apime waya wa ardhini kwa kifaa, atazame kama nyaya ni nene vya kutosha na zimekazwa sawasawa.

Na ikitokea mtu amenaswa, usimguse. Kimbilia swichi kuu uzime. Ukishindwa, msukume kwa mti mkavu huku umesimama pakavu. Akiwa hapumui, itisha msaada na uanze kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka, bila kuchoka. Hata akiamka na kusema yu mzima, mpeleke hospitali, maana moyo waweza kuvurugika baadaye.

Najua wenye nyumba watalalamika kwamba gharama ni kubwa. Nawauliza, ni mwezi gani ambapo kodi ilisamehewa kwa kuwa hita inatekenya? Anayepangisha nyumba yenye hita amepangisha hita hiyo pia, na usalama wake ni deni lake. Maoni yangu ni kwamba nyumba isikabidhiwe mpangaji kabla ya fundi mwenye leseni kupima waya wa ardhini na kuweka RCD, na cheti chake kikabidhiwe pamoja na ufunguo. Wapangaji nao wakiungana ploti nzima na kudai hivyo kwa maandishi, itakuwa vigumu kuwapuuza kama anavyopuuzwa mmoja.

Usingoje mpaka majirani waitwe kuvunja mlango wa bafu. Leo jioni, kabla ya kuvaa malapa yako, simama mbele ya ubao wa stima na utafute kile kitufe chenye herufi T.