Kwa Jamaa Zangu wa Singida, Juu ya Gari la Fahari na Deni Lake

Birmingham, Uingereza

Jamaa zangu wapenzi wa Singida mjini, wa Iramba, Ikungi, Mkalama na Manyoni, wazee kwa vijana,

Muradi wa waraka huu ni jambo moja ambalo limekuwa likinifikia mara kwa mara kwa simu kutoka kwa vijana wetu wanaoendesha magari ya watu: yule anayepeleka fuso la vitunguu Dar es Salaam, yule anayeshika usukani wa Noah ya abiria baina ya mjini na Kiomboi, na yule anayemwendesha mkubwa wa ofisi, nao wote, kwa maneno yanayofanana, huniuliza kama wakati haujafika wa kukopa benki, au kwa mkopeshaji wa mjini, wanunue Crown au Harrier au Prado iliyo yao wenyewe, na kama mjomba aliyeko Ulaya hawezi kuwasaidia fedha ya kutangulizia. Nimekwisha kuwajibu mmoja mmoja kwa faragha, lakini leo naona ni afadhali nijibu hadharani, kwa sababu deni la namna hii, ijapokuwa huandikwa kwa jina la mtu mmoja, aghalabu hulipwa na aila nzima.

Jibu langu ni hapana: dereva kijana wa Singida asikope kununua gari la fahari.

Nalisema hili pasipo dharau hata chembe kwa anayelitamani gari hilo, kwani natambua vyema tamaa yake imetoka wapi. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kwa miaka mingi, akaupanda na kuuteremka mlima wa Sekenke na mali ya mwingine mgongoni mwa gari la mwingine, akapeleka hesabu kwa bosi kila jioni hata siku ambazo abiria hawakuonekana, huyo ana haki ya kutamani ufunguo ulio wake. Na wala si uongo kwamba katika miji yetu anayefika harusini kwa Crown nyeusi hupishwa njia na kupewa kiti cha mbele, na wazee wa posa humsikiliza kwa taadhima ambayo mwenzake aliyekuja kwa bodaboda haipati. Jaha ni kitu cha kweli duniani, na kijana hatukanwi kwa kuitafuta. Ninachokipinga mimi ni kuitafuta kwa fedha ya mkopo, katika nchi yenye uchumi kama wetu wa Singida.

Wala sisemi kwamba mkopo wenyewe ni jambo baya. Wazee wetu waliishi chini ya sheria ya mwaka 1923, iliyotungwa na serikali ya Kiingereza ya Tanganyika, ambayo kwayo mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika pasipo idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali hakuweza kulidai deni lake mahakamani, na kwa sababu hiyo mlango wa mkopo ulifungwa kwa mkulima na mchukuzi wa nchi ile ilhali wengine waliingia na kutoka watakavyo. Kwa mtu aijuaye habari hiyo, kuaminiwa na benki ni daraja ambayo babu zake waliikosa, na ndiyo maana naona uchungu nikisikia imetumika kununulia viti vya ngozi.

Sasa tuangalie mapato yetu yanavyokuja. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kukoma kama Aprili, na fedha ya mkoa mzima, iwe ya alizeti, ya mtama, ya vitunguu, ya asali au ya kuku wanaopakiwa matenga kwa matenga kwenda mijini, hufuata mavuno ya msimu huo. Kijana ataniambia kwamba yeye si mkulima, yeye ni dereva. Lakini fuso hupakiwa pale shamba linapotoa, na abiria wa Noah husafiri pale alizeti inapouzwa, na mwenye gari humlipa dereva wake pale gari linapofanya kazi. Kwa hiyo hata ujira wa dereva hupanda na kushuka pamoja na shamba, hata kama yeye mwenyewe hajapata kushika jembe. Mkopo hauna msimu. Marejesho huja kila mwezi, Januari ya njaa sawasawa na Julai ya mavuno, na benki haiulizi kama mvua imenyesha Mgori. Mwaka 2023, mafuta ya kula kutoka nje yalipokuwa yamejaa sokoni baada ya ushuru wake kupunguzwa, bei ya alizeti ilianguka vibaya, na wakulima walioshikilia magunia yao wakingoja bei ipande waliishia kuyauza kwa hasara au kukaa nayo ndani. Nawaombeni mumfikirie dereva aliyekuwa na deni la gari mwaka ule, mizigo imepungua, abiria wamepungua, na tarehe ya marejesho iko palepale.

Na marejesho yenyewe ni kiasi gani? Tuchukue mathalan mkopo wa shilingi milioni 30 kwa miaka mitatu. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ambayo si mbali na wastani wa mabenki yetu katika miaka hii, kijana atalipa kama shilingi 1,040,000 kila mwezi, na mwisho wa miaka mitatu atakuwa ametoa zaidi ya milioni 37. Benki ikimkataa, naye akaenda kwa mkopeshaji mdogo anayetoza asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango ambacho Benki Kuu imekiweka kuwa ukomo, marejesho hupanda hadi karibu shilingi 1,480,000 kwa mwezi, na jumla yake hupita milioni 53. Ama wale ambao watu wamewapa jina la kausha damu, hao hesabu zao hazina ukomo wala maandishi. Kwa Waislamu miongoni mwetu lipo pia suala la riba yenyewe, na najua kwamba Amana Bank, tangu ilipoanza mwaka 2011, huuza kwa njia ya murabaha, yaani benki hukinunua kitu kisha ikakuuzia kwa faida iliyojulikana tangu mwanzo. Njia hiyo huiondoa riba, lakini malipo ya kila mwezi yabaki kuwa ya kila mwezi.

Fauka ya hayo, kijana na ajue kile anachokikopea. Gari la cc 2,500 lililopita miaka kumi tangu kuundwa kwake hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa ukubwa wa injini, asilimia 30 nyingine kwa uchakavu, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya jumla ya yote hayo. Na ukizipanga moja juu ya nyingine, kodi huifikia na kuipita kidogo bei ya gari lenyewe lilivyofika bandarini. Maana yake ni kwamba anailipia riba kodi ya serikali, kwa chombo ambacho Mjapani amekwisha kukitumia kwa zaidi ya muongo mmoja. Mkopeshaji naye atamlazimisha kukata bima kubwa. Mafuta, ambayo mamlaka ya nishati, EWURA, hutangaza bei zake kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, huuzwa Singida kwa bei inayozidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji, na mwaka 2022 tuliona petroli ikipita shilingi 3,000 kwa lita. Spea zitaagizwa Dar au Arusha. Na tumbo la Crown, lililoumbwa kwa lami ya Tokyo, litagonga mawe siku ya kwanza atakapoacha barabara kuu kwenda kumsalimu nyanya yake.

Wanyaturu wetu walikuwa na elimu yao katika jambo hili la kuweka mali muda mrefu kabla ya benki. Mmarekani mmoja, Harold Schneider, aliyekaa kwao kuchunguza uchumi wao, alichapisha mwaka 1970 kitabu kiitwacho The Wahi Wanyaturu, na humo alionyesha kwamba mifugo kwao ilikuwa rasilimali hasa, kinyume na waliodhani kwamba wafugaji wa Kiafrika hulimbikiza ng'ombe kwa fahari tu: nafaka iliyozidi katika mwaka mwema iligeuzwa kuwa mbuzi na ng'ombe, kwa sababu nafaka huoza na mifugo huzaa. Babu aliyeitoa nafaka yake akachukua mtamba alijua kwamba mwaka wa tatu atakuwa na ndama, maziwa, samadi ya shamba, na mahari ya mwanawe. Mjukuu anayeitoa hati ya shamba lilelile akachukua Crown anajua, akitaka kusema kweli, kwamba mwaka wa tatu atakuwa na gari lenye bei pungufu kuliko aliyolinunulia.

Nimeitaja hati, na hapa ndipo roho yangu ilipo. Gari likikopewa, kadi yake hubaki mikononi mwa mkopeshaji. Lakini kwa kuwa gari hushuka thamani na huweza kupinduka Misigiri usiku wa leo, mkopeshaji mwenye busara hutaka na dhamana nyingine, na kijana wa miaka ishirini na tano hana dhamana ila ya baba yake. Itatolewa hati ya hakimiliki ya kimila, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo wazee waliifurahia kwa sababu iliwapa ulinzi juu ya ardhi yao. Au itatolewa nyumba ya mjini iliyojengwa tofali kwa tofali. Marejesho yakikatika, gari hupigwa mnada kwanza, na bei ya mnada isipolitosha deni, kilichobaki hufuatwa kwenye shamba. Basi alama ya jaha ya mtu mmoja imewekewa rehani mahali ambapo wadogo zake wanne wangelima.

Mtaniuliza: mbona ninyi mlioko huko mna magari mazuri, na picha zake tunaziona? Naam, na haya ndiyo ninayotaka myajue. Huku Uingereza sehemu kubwa ya magari mapya yanayonunuliwa na watu binafsi hununuliwa kwa mkopo, na katika mikataba iliyo mingi gari ni mali ya kampuni ya fedha mpaka malipo ya mwisho yatimie. Mara nyingi malipo hayo ya mwisho ni donge kubwa ambalo mwenye gari hawezi kulitoa, hivyo hulirudisha gari na kuanza mkataba mwingine. Yule aliyeegemea boneti akapigwa picha, aghalabu ameegemea mali ya watu. Na hii ni nchi yenye sheria ya mikopo tangu mwaka 1974, isemayo kwamba mtu akikwisha kulipa theluthi moja ya bei, gari haliwezi kuchukuliwa kwake pasipo amri ya mahakama. Juu ya ulinzi wote huo, wauzaji wa magari kwa miaka mingi walikuwa wakipewa ujira na makampuni ya fedha kulingana na riba waliyompandishia mnunuzi, mpaka mtindo huo ulipopigwa marufuku tarehe 28 Januari 2021. Na tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hii ilitoa hukumu katika shauri la kijana wa Wales aliyenunua Suzuki Swift iliyotumika mwaka 2017, gari dogo la kawaida kabisa, ambapo ujira wa siri wa muuzaji ulikuwa sawa na asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo wake, na mahakama ikaona kwamba uhusiano baina ya kijana huyo na mkopeshaji wake haukuwa wa haki. Ikiwa hayo yamempata kijana mwenye mahakama na magazeti nyuma yake, yule wa Ikungi anayetia saini kwenye meza ya mkopeshaji, kwa karatasi ambayo hakupewa nakala yake, atamwambia nani?

Kwa hiyo mimi sitatuma fedha ya kutangulizia Crown, na namwomba kila Mnyaturu, Mnyiramba, Mnyisanzu na Mgogo aliye ughaibuni naye asitume. Akija kijana na shauri la bajaji, au la hisa katika fuso, au la mashine ya kukamua alizeti, nitakaa naye tuhesabu. Na kabla ya kunifikia mimi, aende halmashauri na wenzake: ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo vikundi vya vijana vina sehemu yao ya asilimia 4, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, nayo haina riba. Chombo kinachobeba mzigo kinaweza kulipa deni lake chenyewe mwezi wa mavuno, na mwenyewe akaweka akiba kwa miezi mikavu. Kisha siku moja, akitaka Prado, ainunue kwa fedha yake taslimu, nami nitakuwa wa kwanza kumpongeza.

Neno langu la mwisho nawaelekezea akina mama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema kwamba nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani na mume pasipo ridhaa ya mkewe, na mwenye benki analijua hilo, ndiyo maana karatasi ya ridhaa italetwa mpaka jikoni kwako, pengine na mwanao mwenyewe, kwa maneno matamu na ahadi ya kukupeleka kliniki kwa gari lake. Mama yangu, umwombe akusomee kila mstari, umuulize marejesho ni shilingi ngapi kwa mwezi na yatatoka wapi mwezi wa Januari. Na kama karatasi hiyo ni ya gari la fahari, usitie saini.

Ndugu yenu katika ughaibuni