Utetezi wa Mwigaji

Wako watu wasemao kwamba mwigaji hana sanaa, na kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hukumu hiyo hutolewa kwa wepesi juu ya bendi za Japani ambazo kazi yao ni kupiga nyimbo za bendi nyingine kama zilivyopigwa na wenyewe. Mwenye kutaka kuipima hukumu hiyo na aitazame kazi ya Akio Sakurai.

Sakurai ni mzaliwa wa Tokamachi, mji wa wafumaji wa hariri katika jimbo la Niigata. Mchana aliuza kimono mjini Tokyo. Usiku alivaa mavazi kama ya Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin ya Uingereza, akapiga katika vilabu vidogo. Alidumu hivyo kwa miaka zaidi ya 30. Hakutosheka na nyimbo kama zilivyo katika santuri. Page alizoea kuugeuza wimbo kila alipopanda jukwaani. Kwa hiyo Sakurai alichagua onyesho la usiku fulani wa mwaka fulani, akajifunza sauti baada ya sauti, pamoja na mavazi, vyombo na mwendo wa mkono. Mwaka 2012 Page mwenyewe alikwenda kumsikiliza mjini Tokyo.

Baadaye Sakurai aliacha biashara ya kimono, akahamia Los Angeles kujiunga na Led Zepagain, bendi ya Wamarekani yenye kazi hiyo hiyo. Huko ulizuka mgogoro ulioonyeshwa katika filamu ya Mr. Jimmy ya mwaka 2019: wenzake walitaka kuwapa watu nyimbo walizozizoea, naye alitaka ukamilifu. Wakaachana. Mvivu hafarakani na wenziwe kwa ajili ya ukamilifu.

Wenye dharau huuliza: kiko wapi kilicho chake mwenyewe? Swali ni jema, lakini na waulizwe wote. Mwaka 1969 Led Zeppelin walitoa Whole Lotta Love bila ya kumtaja Willie Dixon, Mmarekani Mweusi, mtunzi wa You Need Love ambao Muddy Waters alikuwa ameuimba kabla yao. Dixon alishtaki mwaka 1985. Shauri likaisha kwa mapatano mwaka 1987, na jina lake likatiwa katika wimbo. Aitwaye mbunifu alichukua akanyamaza. Aitwaye mwigaji hulitangaza kila usiku jina la mwenye mali.

Haifuati kwamba kuiga na kubuni ni mamoja. Mafunzo ya kale ya Japani yana daraja tatu: kuihifadhi kanuni, kuivunja, na kuiacha. Sakurai aweza kulaumiwa kwamba amekaa katika daraja la kwanza. Lawama hiyo ina haki, wala haina jawabu kamili. Lakini wengi wamlaumuo hudai daraja la tatu hali hawajapata kulikanyaga la kwanza.

Jason Bonham, mwana wa John Bonham, mpiga ngoma wa Led Zeppelin aliyefariki mwaka 1980, alimwita Sakurai katika bendi yake. Aliyerithi nguo hakuona aibu kumvika mwazimaji. Wizi katika sanaa hauko katika kuazima. Uko katika kuficha jina la aliyeazimwa.