Dakika Zilizo Mfukoni mwa Refa

Wapenzi wa kandanda watanivumilia leo nikianza kwa kisa kinachonihusu mimi mwenyewe. Ilikuwa muhula wa pili, msimu ule wa baridi ambapo ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua ukaufunika mji wa Nyeri na vijiji vyake tangu alasiri. Timu ya wavulana ninayosaidia kuifunza ilikuwa ikimenyana na wageni katika michezo ya shule. Basi la wageni lilikuwa limekwama matopeni njiani, kwa hivyo mechi iliyopangiwa saa tisa na nusu ilianza saa kumi na nusu. Ilipotimu saa kumi na mbili na robo kwa saa yangu ya mkononi, dakika 90 zilikuwa zimekwisha, nasi tulikuwa tukiongoza kwa bao moja kwa nunge.

Refa hakupuliza kipenga. Ikapita dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Giza lilikuwa limeanza kutanda hata mpira haukuonekana vyema ulipokuwa ng'ambo ya uwanja. Katika dakika ya saba wageni wakasawazisha kwa kichwa kutokana na mkwaju wa kona, na mpira uliporejeshwa katikati, kipenga cha mwisho kikalia papo hapo. Kijana wetu mmoja akanijia akitetemeka kwa baridi na hasira. "Mwalimu," akaniuliza, "mechi ilikuwa ya dakika ngapi?"

Nilimwambia ilikuwa ya dakika 90. Akataka kujua mbona wao wamecheza 97. Sikuwa na jibu la kumridhisha, na swali lile limekuwa likinirudia tangu siku hiyo.

Kanuni za kandanda ni 17, na ya saba ndiyo ihusuyo muda. Inasema kwamba mechi ni vipindi viwili vya dakika 45 kila kimoja, na kwamba refa ataongeza muda uliopotea kwa sababu ya kubadilisha wachezaji, kuwatibu walioumia, kutoa kadi, kushangilia mabao, au hila za wanaopoteza wakati kwa makusudi. Kiasi cha kuongeza huamuliwa na refa peke yake. Kanuni hiyo hiyo inamkataza, akikosea hesabu katika kipindi cha kwanza, asijaribu kulipiza kosa hilo kwa kurefusha au kufupisha kipindi cha pili. Kwa maneno mengine, saa iliyo ukutani, iliyo mkononi mwa mwalimu, au iliyo katika simu ya mtazamaji haina mamlaka yoyote. Saa ya haki ni moja tu, nayo imo mkononi au mfukoni mwa mtu mmoja.

Sasa hebu tumwangalie mwanafunzi huyu katika mwaka wake mzima wa michezo. Kwa kawaida muhula wa kwanza shule zetu hucheza mpira wa vikapu, magongo, mpira wa mikono na raga, kisha muhula wa pili hugeukia kandanda, voliboli na pete. Katika vikapu, saa husimama kila mwamuzi apulizapo kipenga, na huanza tena mchezo uendeleapo. Robo ya dakika kumi ni dakika kumi za mchezo hasa. Katika raga, refa akiona mchezaji ameumia huashiria saa isimamishwe, na muda ukiisha mchezo hauishi hadi mpira ufe, yaani utoke nje au litokee kosa ambalo halimpi mpinzani haki ya kuendelea. Voliboli haina saa kabisa. Seti huisha kwa alama 25 na tofauti ya alama mbili, hata kama ni usiku wa manane. Kijana anayecheza michezo mitatu amezoea kuishi chini ya saa tatu zisizofanana, lakini zote tatu anaweza kuzisoma. Ile ya kandanda tu ndiyo asiyoiona.

Tofauti hii inafika hadi kwenye nukta ya mwisho. Katika mpira wa vikapu, mchezaji akiuachilia mpira kabla ya king'ora kulia, bao linahesabiwa hata kama mpira bado unaelea hewani. Katika kandanda mambo ni mengine. Tarehe 3 Juni 1978, katika Kombe la Dunia huko Mar del Plata nchini Argentina, Brazili na Uswidi zilikuwa sare ya bao moja kwa moja. Brazili ikapata kona, mpira ukapigwa, na Zico akautia wavuni kwa kichwa. Refa Clive Thomas kutoka Wales alikuwa tayari amemaliza mechi mpira ukiwa hewani. Bao likakataliwa. Kwa kanuni, Thomas hakukosea. Ila kama angekuwa mwamuzi wa raga, asingeweza kupuliza kabla mpira haujafa.

Mkoa huu wetu wa Kati, kwa jina lake la zamani, una sababu ya pekee ya kuwa mkali katika hesabu za wakati. Catherine Ndereba ni binti wa Nyeri. Mwaka 2001 huko Chicago alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, akaivunja rekodi ya dunia ambayo Naoko Takahashi wa Japani alikuwa ameiweka Berlin wiki moja tu kabla. Miaka mitatu baadaye, katika Olimpiki ya Athens, alikosa dhahabu kwa sekunde 12 baada ya kilomita 42: Mizuki Noguchi alimaliza kwa 2:26:20, Ndereba kwa 2:26:32. Hakuna aliyemuuliza mwamuzi yeyote sekunde hizo zilitoka wapi. Wanafunzi wetu wanaolelewa katika sifa hiyo, waingiapo katika uwanja wa kandanda, wanaambiwa kwamba dakika saba ni jambo la busara ya mtu mmoja.

Je, tuikope saa ya mpira wa vikapu? Wapo wanaosema hivyo, na hoja yao si dhaifu. Mwaka 2017 bodi inayotunga kanuni za kandanda yenyewe ilitoa kwa majadiliano pendekezo la vipindi viwili vya dakika 30 ambamo saa ingesimama kila mpira usipochezwa, kwa kuwa katika zile dakika 90 mpira huchezwa hasa kwa muda usiofika dakika 60. Hadi leo pendekezo hilo halijawa kanuni. Ligi kuu ya Marekani nayo, ilipoanza mwaka 1996, ilitumia saa iliyohesabu kwenda chini hadi sufuri mbele ya watazamaji wote, ikaiacha baada ya misimu michache.

Binafsi sipendi saa hiyo ije kwetu. Mpira wa vikapu unahitaji meza kando ya uwanja, na mezani watu wa kuandika alama, wa kushika saa ya mechi, na wa kushika ile saa nyingine ya sekunde 24. Saa hii ya pili ilizaliwa kwa dhiki: mwaka 1950 Fort Wayne waliifunga Minneapolis alama 19 kwa 18 baada ya kuukumbatia mpira mechi nzima bila kurusha, na watazamaji wakachoka kabisa, hata mwaka 1954 ligi ile ikaweka kikomo cha sekunde 24 kwa kila shambulio. Dawa nzuri, lakini inadai vyombo na watu. Shule ya kutwa kule Kieni ina uwanja wenye mteremko, mpira mmoja, kipenga kimoja, na mwalimu wa hesabu aliyejitolea kuwa refa. Kandanda imeenea duniani kwa sababu inamtosha mwalimu huyo. Wembley na uwanja wake vinatawaliwa na kanuni zile zile 17.

Tena kuna jua. Sisi tunaoishi jirani na Nanyuki, mji uliopitiwa na mstari wa Ikweta, tunalijua jua letu: huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, Januari na Julai, kwa tofauti isiyo kubwa. Hesabu ya saa ya Kiswahili imejengwa juu ya uaminifu huo wa jua. Uwanja usio na taa hauwezi kuvumilia mechi ambayo saa yake husimama kila mara. Ingeanza alasiri na kuishia gizani.

Lisilonipendeza mimi ni siri. Kanuni ilimpa refa mamlaka ya kuamua, haikumwamuru afiche. Tangu Kombe la Dunia la 1998 kule Ufaransa, ulimwengu umezoea kumwona mwamuzi wa nne akiinua kibao chenye nambari. Nambari hiyo ndiyo kiwango cha chini: refa anaweza kuizidisha, hawezi kuipunguza. Wengi wetu tunaikumbuka fainali ya klabu bingwa barani Ulaya tarehe 26 Mei 1999 huko Barcelona, Bayern Munich wakiongoza bao moja kwa nunge, kibao kikionyesha dakika tatu, na Manchester United wakafunga mara mbili ndani yake. Wajerumani walilia, lakini hakuna aliyeweza kusema aliibiwa wakati, maana dakika zile zilitangazwa kabla ya mabao kuingia. Refa wa siku hiyo alikuwa Pierluigi Collina. Mwaka 2022, akiwa mkuu wa waamuzi wa FIFA, ndiye aliyewaagiza marefa wa Kombe la Dunia nchini Qatar wahesabu kikamilifu muda uliopotea, na mechi ya Uingereza na Irani ikapata nyongeza ya zaidi ya dakika 20 kwa vipindi vyote viwili. Watu walishangaa, lakini walijua.

Na mamlaka ya mtu mmoja yakiteleza, huteleza vibaya. Mwezi Januari mwaka huo huo wa 2022, katika Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Limbe, Kamerun, refa Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza kipenga cha mwisho katika dakika ya 85 Mali ikiongoza Tunisia bao moja kwa nunge. Akaonywa, mchezo ukaendelea, kisha akaumaliza tena kabla ya dakika ya 90 kutimia. Baadaye alieleza kwamba joto lilikuwa limemzidi. Namhurumia, lakini mbele ya macho ya bara zima saa moja ilikuwa imeharibika, na hapakuwa na nyingine yenye haki ya kuikosoa.

Walimu wa Kiswahili wataniruhusu niingize neno hapa. Lugha yetu ya michezo imechangia kuuficha ukweli. Tunasema "dakika za majeruhi" hali nyingi ya dakika hizo hazihusiani na majeruhi yeyote. Tunasema "muda wa ziada" kwa maana mbili: zile dakika chache za mwisho, na zile 30 za mechi ya mtoano iliyokwisha sare. Mwanafunzi akisoma gazetini kwamba timu ilifunga katika muda wa ziada, hajui ni upi. Mimi ningependelea "dakika za fidia", kwa kuwa fidia ni malipo ya kitu kilichochukuliwa, na anayelipwa fidia ana haki ya kuuliza kilichochukuliwa ni nini na ni kiasi gani.

Hapo ndipo nirudi kwa kijana wangu, na niseme lile nililomficha. Dakika saba zile zilikuwa na asili. Kipa wetu alijilaza mara tatu katika kipindi cha pili, akidai mguu umemkaza. Haukumkaza. Mimi ndimi niliyemwashiria ajilaze, kwa kiganja kilichoelekezwa chini, ishara ambayo walimu wengi wa michezo wanaijua ingawa haimo katika kitabu chochote. Refa aliiona hila yangu, akaihesabu, akailipiza. Huenda hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Mimi niliiba wakati hadharani, yeye akaurejesha kwa siri, na mtoto akatoka uwanjani akiamini kwamba mwizi ni refa.

Tangu Julai 2025 kanuni inasema kipa akiushika mpira kwa zaidi ya sekunde nane, wapinzani wapewe kona, na refa huinua mkono na kuhesabu kwa vidole sekunde tano za mwisho, kila mtu akiona. Hakukuhitajika umeme wala meza. Vidole vya mkono mmoja vilitosha. Kama sekunde tano zinaweza kuonyeshwa hivyo, dakika saba zinashindikanaje?

Wapo watakaonijibu kwamba refa wa shule akitangaza dakika zake atakuwa amejitia mashakani, kwani upande unaoongoza utamzonga. Utamzonga kweli. Lakini utamzonga mpira ukiwa bado unachezwa na mabao bado hayajaamuliwa, na hilo nalihesabu kuwa nafuu kuliko kumsubiri langoni pa shule gizani.

Wiki tatu baada ya mechi ile tulicheza tena, ugenini. Nilimwomba refa, mwalimu mwenzangu wa shule jirani, anionyeshe kwa vidole dakika alizokusudia kuongeza. Alikubali, na ilipokaribia dakika ya 90 akainua vidole vinne. Nikaandika 4 kwa chaki juu ya kibao nilichokiazima darasani, nikazunguka nacho kando ya uwanja wakati manyunyu yakianza kuifuta. Tulishindwa mabao mawili kwa moja, na la pili liliingia katika dakika ya tatu ya hizo nne. Vijana walipanda basi wakiwa wanyonge, wakilaumiana juu ya nani alimwacha mshambuliaji peke yake.