Kabla Lami Haijafika Sibiti

Katika Mkoa wa Singida kuna njia nzuri ya baiskeli ambayo hakuna aliyeijenga kwa ajili ya baiskeli. Unaiacha barabara kuu ya Singida–Nzega pale Iguguno, unayapa kisogo malori ya Rwanda na mabasi ya Mwanza, unapita Nduguti, halafu unaanza kuliteremkia Bonde la Ufa hadi Mto Sibiti, ule unaotoka Ziwa Kitangiri kwenda kumwaga maji yake Ziwa Eyasi. Nikisema haina magari nitakuwa natia chumvi. Inapita Noah iliyojaza abiria hadi kwenye buti, linapita lori la vitunguu, zinapita bodaboda. Lakini kati ya gari moja na jingine unaweza kuendesha muda mrefu ukisikia cheni yako mwenyewe, kengele za ng'ombe na upepo kwenye migunga.

Njia hiyo inakaribia kufa, na itauawa na kitu tunachokiombea wote: lami. Daraja la Sibiti, linalounganisha Mkalama na Meatu, limeshajengwa. Mwaka 2023 serikali ilitia saini mikataba ya kujenga barabara saba kwa lami, na mojawapo ni ile ya kutoka Karatu, Mbulu na Haydom, kuvuka Sibiti, hadi Lalago na Maswa. Kazi inaweza kuchelewa, kama miradi yetu inavyojua kuchelewa, ila siku moja greda litaingia. Hoja yangu ni moja: barabara hiyo, na kila barabara ya lami itakayoungana nayo ndani ya Singida, ijengwe ikiwa na njia ya pembeni ya baiskeli, iliyotengwa na magari, kuanzia mchoro wa kwanza. Tukisubiri ijengwe ndipo tuombe, hatutapewa.

Sipingi lami. Anayepinga lami hajawahi kuona masika yakikata barabara huku mjamzito akisubiri gari la kumpeleka hospitali ya Haydom, wala hajawahi kuona vitunguu vikioza ndani ya lori lililozama kwenye tope. Ninachopinga ni lami inayojengwa kana kwamba kila mtu ana gari.

Tazama nani anatumia bonde hili. Baiskeli ya Mkalama ni Phoenix nyeusi yenye keria imara, iliyofungwa mzigo kwa vipande vya mpira wa tairi. Asubuhi inabeba madumu ya maji, manne au matano. Mchana inabeba gunia la alizeti kwenda mashine ya kukamua, na inarudi na mashudu. Siku ya mnada inabeba matenga ya kuku wa kienyeji, wale wale ambao wasafiri wa Dar es Salaam huwasifia bila kujiuliza walifikaje kando ya barabara kuu. Inapeleka mtoto sekondari ya kata na inampeleka mgonjwa zahanati. Ukihesabu tani badala ya injini, baiskeli ni chombo cha uchukuzi cha mkoa huu. Ukihesabu bajeti, haipo.

Sasa nenda barabara kuu uone lami inamfanya nini mwenye baiskeli huyo. Mkataba wa pale haujaandikwa, lakini wote wanaujua: lori likipiga honi maana yake ni "toka." Mwenye baiskeli anatoka. Mahali ambapo mvua imekula bega la barabara, kati ya lami na udongo kuna ngazi ya kimo cha kiganja. Gurudumu la mbele likishuka vibaya, gunia linamvuta upande wa magari. Mzee mmoja niliyemkuta Iguguno ameshuka, anakokota baiskeli kwenye mchanga ilhali lami iko pembeni yake, nilimwamkia nikamuuliza kwa nini haendeshi. Akanijibu, "Mwanangu, lori halina mjomba." Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Wasio na bodi la chuma la kuwakinga ndio wanaokufa zaidi. Mzee yule hakuhitaji takwimu hiyo.

Nikieleza haya kwa wanafunzi wenzangu wa uzamili, jibu huja haraka: baiskeli ni umaskini, na maendeleo ni kuiacha. Msomi wa Kitanzania anaweza kupiga picha Amsterdam akiwa juu ya baiskeli akaiweka kwenye wasifu wake, kisha akarudi nyumbani akaona aibu kuonekana juu ya Phoenix. Tunachokiita maendeleo mara nyingi ni woga wa kufanana na wazazi wetu.

Wenzetu waliokwisha kuzijaza barabara zao magari wanatumia fedha nyingi kununua tena kile ambacho Mkalama bado inacho. Uingereza, kati ya mwaka 1979 na 1986, watu wa kujitolea waligeuza reli iliyokufa kati ya Bristol na Bath kuwa njia ya baiskeli na miguu. Katika bonde la Mto Wye, mpakani mwa England na Wales, mwaka 2021 walifungua njia ya namna hiyo hiyo, ikipita ndani ya handaki la reli ya zamani lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Watu wanasafiri kutoka mbali ili tu waendeshe kando ya mto bila kuogopa gari. Nasi tulikuwa na reli yetu iliyokufa: miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, ndani ya Mkalama ya leo, kisha miaka ya 1940 wakaling'oa. Bristol reli iliyokufa iliachia watu njia. Kwetu nani aliwahi hata kuuliza?

Watasema hakuna nafasi. Nafasi ipo, na wananchi wameshailipia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Jumla ni mita 60. Kwa ajili yake kuta za watu zilipigwa alama ya X nyekundu. Lami pamoja na mabega yake haifiki mita 15. Zinazobaki zinaota nyasi. Kama mwanakijiji aliweza kuambiwa avunje jiko lake kwa ajili ya barabara, barabara hiyo inaweza kumrudishia mita mbili za kupita akiwa hai.

Watasema hakuna fedha. Njia ya baiskeli haibebi lori la tani 30. Haihitaji tabaka nene la kokoto wala lami nzito. Inahitaji changarawe iliyoshindiliwa vizuri na makalavati kwenye makorongo. Gharama kubwa ni ya kuirudia kazi baadaye. Nairobi, kupitia sera yake ya mwaka 2015, iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ahadi si utekelezaji, lakini angalau ni namba ambayo mwananchi anaweza kuidai. Sisi tudai namba gani?

Pingamizi lenye uzito ni la tatu, na linatoka Dar es Salaam. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia ya baiskeli. Ipite leo: bodaboda zinakatiza, magari yameegeshwa, mwenye meza ya matunda ametandaza bidhaa. Kwa hiyo njia hizi zinakufa hata zikijengwa? Zinakufa zikijengwa usawa wa barabara bila kizuizi, na zikijengwa mahali ambapo muuza matunda hakupewa sehemu nyingine ya kusimama. Dawa yake ni kuiweka njia ng'ambo ya mtaro, mbali na lami, na kuweka nguzo fupi kwenye maingilio. Huko bondeni kuna nafasi ya kufanya hivyo; Dar es Salaam ilikuwa imechelewa.

Nina ugomvi pia na watu wa upande wangu. Kuna marafiki ambao ukiwatajia Sibiti macho yanawang'aa: ziara za baiskeli, mahema kando ya Eyasi, wageni wakipelekwa Munguli kuwatazama Wahadzabe wakiwinda. Utalii ukija, uje. Lakini njia inayojengwa kwa ajili ya mgeni huishia kwenye lango la kambi, na mwenye dumu la maji huambiwa azunguke. Kipimo changu ni chepesi: kama njia haimfai mama mwenye gunia la alizeti kwenye keria, haifai. Ikimfaa yeye, mgeni mwenye baiskeli ya mamilioni ataipenda bila kubembelezwa.

Tunachotakiwa kudai, basi, kinaeleweka hata kwenye mkutano wa kijiji. Njia ya mita mbili ng'ambo ya mtaro katika kila kilomita inayopita karibu na makazi, shule, kisima au mnada. Kivuko salama cha waendao kwa miguu na baiskeli katika kila daraja jipya. Na pale wahandisi watakaponyoosha kona, ile barabara ya zamani ya changarawe isifukiwe wala kuachwa iliwe na korongo. Ikabidhiwe baiskeli na mifugo, ipewe matengenezo madogo kila baada ya masika. Hilo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote, kwa sababu njia yenyewe ipo tayari.

Wanaojua kusoma michoro katika nchi hii ni wachache, na wewe unayesoma hapa huenda ni mmoja wao. Tathmini ya athari za mradi inapoitisha maoni ya wananchi, nenda, au andika. Usiulize lami itafika lini. Hilo wataulizwa na kila mtu. Uliza mwenye baiskeli atapita wapi, na usiketi mpaka wakuonyeshe mstari wake kwenye karatasi.