Mwenye klabu akiishiwa, klabu hubaki na nani?

Ijumaa ya Oktoba 24, 2025, klabu ya Sheffield Wednesday ya Uingereza iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni baada ya kushindwa kujiendesha. Papo hapo ikapokwa pointi 12. Wakati huo ilikuwa imekusanya pointi 6 tu tangu msimu uanze, kwa hiyo ikajikuta chini ya sifuri: hasi 6.

Tulipoitangaza habari hiyo kwenye kipindi chetu cha michezo, baadhi ya wasikilizaji walituuliza maswali mawili. La kwanza: klabu kubwa ya Ulaya inakosaje hela ya mishahara? La pili: sisi wa huku kijijini inatuhusu nini? Makala hii inajibu yote mawili. Tutapitia Uingereza, turudi nyumbani, na njiani tutagusa gemu la mpira, maana wengi wenu mnalo kwenye simu na lina somo lake.

Ilianzaje?

Sheffield Wednesday si timu ya jana. Ilianzishwa mwaka 1867 na imewahi kuwa bingwa wa Uingereza mara nne. Ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2000 na haijarudi tena. Mwaka 2015 ikanunuliwa na mfanyabiashara wa Thailand, Dejphon Chansiri, ambaye familia yake ina utajiri wa biashara ya samaki wa makopo. Bei iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 37.5 hivi. Ahadi ilikuwa moja: kurudi Ligi Kuu.

Hapo ndipo penye mtego. Fedha za televisheni za Ligi Kuu ya Uingereza ni nyingi kiasi kwamba timu za daraja la pili hutumia kuliko zinachoingiza, zikitumaini kwamba siku zikipanda zitarudisha kila kitu. Ni kama mkulima anayekopa mbegu, mbolea na trekta kwa kutegemea mvua ya msimu mmoja. Mvua ikinyesha anaitwa shujaa, na isiponyesha deni linabaki palepale.

Mwaka 2016 Wednesday walifika mechi ya mwisho ya kupanda wakafungwa na Hull City. Matumizi yakaendelea, hasara ikaongezeka. Sheria za ligi zinaweka kikomo cha hasara, kwa hiyo mmiliki akatumia ujanja ambao klabu nyingine nazo ziliwahi kuutumia: uwanja wa klabu, Hillsborough, ukauzwa kwa kampuni yake mwenyewe kwa pauni milioni 60 hivi. Vitabu vya hesabu vikapendeza. Lakini ni sawa na baba kuhamisha hela kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kisha akawaambia watoto kwamba leo kuna kipato. Tena watoto wamegeuka wapangaji katika nyumba yao.

Ligi ikaona kwamba mauzo hayo yaliingizwa kwenye hesabu za mwaka usio wake. Klabu ikapokwa pointi 12, zikapunguzwa hadi 6 baada ya rufaa. Msimu wa 2020/21 ukaisha Wednesday wakiwa na pointi 41, wakashuka daraja. Ukiwarudishia zile 6 wanakuwa na 47, na wangebaki. Walishushwa na karatasi za ofisini.

Walipanda tena mwaka 2023, lakini mwaka huohuo mmiliki akasema hadharani kwamba kuna deni la kodi, na kwamba mashabiki 20,000 wakitoa pauni 100 kila mmoja zitapatikana pauni milioni 2 za kulimaliza. Kufika 2025 mishahara ilichelewa mara kadhaa. Klabu ikafungiwa kusajili. Wachezaji wakaondoka, na kocha Danny Röhl naye akaondoka Julai. Jukwaa moja la Hillsborough likafungwa kwa muda na mamlaka za mji kwa sababu za usalama.

Mashabiki walifanya nini? Walisusa. Wakaacha viti vitupu ili mmiliki aondoke. Klabu ilipotoka mikononi mwake, siku iliyofuata maelfu wakarudi uwanjani na foleni ikajaa kwenye duka la jezi. Watu walewale waliokataa kutoa hata senti wakatoa kwa moyo. Desemba klabu ikapokwa pointi nyingine 6 kwa makosa ya malipo, na Chansiri akafungiwa miaka mitatu kumiliki klabu katika ligi hizo.

Kuna waliofikwa na makubwa zaidi

Wednesday angalau bado wapo. Jirani zao wa kaskazini mwa nchi, Bury, waliondolewa kabisa kwenye ligi Agosti 27, 2019. Klabu iliyoanzishwa 1885 na kutwaa Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903, ilikuwa imenunuliwa miezi michache kabla kwa pauni 1. Ndiyo, pauni moja, hela ambayo dukani kwetu haifikishi kilo mbili za sukari.

Msikilizaji atauliza: kitu cha bei hiyo kina ubaya gani? Anayenunua klabu kwa pauni moja ananunua pia madeni yake. Kama hana fedha za kuyalipa, au hana nia, basi amenunua haki ya kuifunga. Siku ile Bury wanafukuzwa, mamia ya mashabiki walikuwa uwanjani Gigg Lane na mafagio wakisafisha viti, wakiamini kuna mechi wikiendi ile. Mechi haikuwepo. Tena Bury walikuwa wametoka kupanda daraja Aprili ya mwaka uleule. Uwanjani walikuwa wanashinda huku ofisini wanazama.

Mashabiki waliununua uwanja huo mwaka 2022 na timu ikaanza upya ligi za chini. Inawezekana kurudi, ila unarudi ukiwa mguu peku.

Na kwetu je?

Tusiwacheke Waingereza. Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti wa Yanga Mei 2017, timu ilikuwa imetoka kuchukua ubingwa wa Tanzania mara tatu mfululizo. Baada yake likafuata bakuli. Wanachama na mashabiki waliombwa kuchangia timu iendelee, na misimu minne mfululizo, 2018 hadi 2021, ubingwa ulikwenda Simba. Yanga walirudi kileleni 2022, wakiwa wamepata mfadhili mwingine mwenye nguvu. Tofauti ya Yanga na Bury ni kwamba Yanga ina mamilioni ya watu wa kupitishiwa bakuli. Timu ya wilaya haina.

Wasikilizaji wetu wa upande wa Kenya wanawakumbuka Sony Sugar wa Awendo, timu ya kiwanda cha sukari iliyokuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Agosti 2019 SportPesa ilijiondoa kudhamini soka la Kenya kufuatia mvutano wake na serikali, na ligi nzima ikayumba. Kabla mwaka haujaisha, Sony walishindwa kufika kwenye mechi tatu, wakaondolewa kwenye ligi. Timu inayotegemea kiwanda huugua kiwanda kikiugua, na inayotegemea mdhamini mmoja hulala njaa siku mdhamini huyo akifunga ofisi.

Tanzania utaratibu uliowekwa na serikali unataka klabu za wanachama zinapokaribisha wawekezaji, wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Mohammed Dewji alipitishwa Desemba 2017 kuwekeza shilingi bilioni 20 Simba, na kwa utaratibu huo sehemu ya mwekezaji haikupaswa kuzidi asilimia 49. Mchakato ule umekuwa na mabishano ya miaka, na wapo wanaosema utaratibu unawakimbiza matajiri. Sisi tunaona una maana. Asilimia 51 hailipi mishahara, ni kweli. Lakini inazuia mtu mmoja kuamka asubuhi akauza uwanja, akabadili rangi za jezi au akafunga milango.

Waingereza wenyewe, waliozoea kuuza klabu kama duka, wamelegeza msimamo. Julai 2025 sheria mpya ya usimamizi wa soka ilipitishwa, ikaunda chombo huru cha kuzipa leseni klabu za madaraja matano ya juu, kuchunguza mmiliki ana fedha za wapi, na kulinda mambo kama nembo na rangi za nyumbani. Imechukua vilio vya miji mingi kufika hapo.

Somo lililo ndani ya gemu

Sasa tukiri jambo. Hapa studio, kipindi kikiisha, tunacheza gemu. Tunalolipenda zaidi ni lile la kuwa kocha, Football Manager, lenye asili yake kwenye gemu lililotoka 1992 likiwa kazi ya ndugu wawili Waingereza. Na hatuchukui Manchester City. Tunachukua timu iliyo hoi, ya mkiani, yenye madeni.

Kwa nini? Kwa sababu timu yenye kila kitu haikuulizi swali. Timu hoi inakuuliza kila siku. Bodi inakupa bajeti mbili, ya usajili na ya mishahara. Ukimleta mshambuliaji wa jina kubwa, ule mshahara wake utaula miaka mitatu, hata akiwa benchi. Klabu ikizidiwa, bodi inamuuza kijana wako bora bila kukuuliza, na ikifilisika unapokwa pointi, vilevile kama Wednesday. Vijana wanaocheza Dream League kwenye simu wanajua hesabu hiyo kwa kiasi chake: sarafu zikiisha, hakuna usajili.

Wazazi wengi hulalamika kwamba gemu linapoteza muda, na saa nne usiku kijana hajalala wana haki ya kulalamika. Lakini kijana anayejua kwamba mishahara isizidi mapato ameshajifunza kitu ambacho wamiliki kadhaa wa klabu hawajakijua.

Hata hivyo gemu lina uongo wake mmoja. Ukiharibu, unafuta na kuanza upya. Tumefanya hivyo mara nyingi na hakuna aliyelala njaa. Kwenye klabu ya kweli yupo mama anayefua jezi, mlinzi wa geti, dereva wa basi, kijana aliyeacha shule kwa ahadi ya mkataba. Mshahara wao ukikosekana hakuna kitufe cha kuurudisha. Lingine ni kwamba kwenye gemu wewe ndiye kocha, na mmiliki ni jina tu linalokutumia ujumbe. Maisha ni kinyume: kocha hufukuzwa kila mwezi wa tatu, na mwenye kuleta hasara hukaa jukwaa kuu.

Timu ya kijiji chako

Hapa ndipo tunapojibu swali la pili. Karibu kila kata inayotusikiliza imewahi kuwa na mfadhili wa timu. Anakuja na jezi, mipira miwili na ng'ombe wa fainali. Timu inabadilishwa jina na kuitwa la kwake. Uchaguzi ukipita, au biashara yake ikiyumba, jezi zinachakaa na timu inakufa, hata kama ilikuwepo miaka ishirini kabla yake.

Hatusemi mfadhili akataliwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunasema aulizwe, mapema na kwa heshima, mbele ya mkutano:

Je, fedha yake ni zawadi au ni mkopo? Timu nyingi hugundua siku ya ugomvi kwamba walikuwa wanakopeshwa.

Je, jina la timu, usajili wake na kiwanja viko kwa nani? Vibaki kwa wanachama, kwa maandishi, vikisainiwa na viongozi zaidi ya mmoja.

Je, akiondoka kesho, timu inaweza kumaliza msimu? Kama jibu ni hapana, punguzeni matumizi leo, kabla hajaondoka.

Je, nani anasoma mapato na matumizi, na mara ngapi? Daftari la mstari linatosha. Lisomwe hadharani kila mwezi, hata kama kilichoingia ni viingilio vya shilingi mia mbili mbili.

Je, wachezaji wameahidiwa nini, na kiko wapi kwenye karatasi? FIFA imekuwa ikizifungia klabu za Tanzania kusajili kwa sababu ya madai ya wachezaji na makocha. Mazoea hayo huanzia chini, pale tunapozoea kumwambia kijana "tutakuona".

Mashabiki wa Sheffield walichelewa kuuliza. Walipoanza, uwanja ulikwishauzwa. Wale wa Bury waliuliza wakiwa wameshika mafagio. Timu yako bado ina kiwanja, hata kama magoli ni ya miti na mistari ni ya majivu. Mkutano wa wanachama ni bure, na Jumapili hii baada ya mechi watu watakuwepo tayari.

Kama timu ya kwenu imewahi kuachwa na mfadhili ikasimama tena, tutumie ujumbe utueleze mlifanyaje. Tutausoma kwenye kipindi cha michezo ili na timu za kata nyingine zijifunze.