Nafasi ya Shule si Jina Kitabuni

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, yasema masomo ya msingi katika shule za Leta ni bure. Zetu za Kikatoliki zimo pia, kwa mapatano ya 1977. Septemba 2019 Leta ilianza kulitimiza neno hilo. Twashukuru: mtoto wa maskini asifukuzwe tena kwa ajili ya «primu» ya mwalimu.

Lakini mlango ulifunguliwa kabla ya kuongeza nyumba. Watoto wabanana darasani. Basi wengine wasema: rudisheni malipo, watapungua. Twakataa! Watakaopungua ni nani? Ni wana wa mjane, na binti kwanza. Hiyo si dawa, ni dhambi.

Bwana wetu asema katika Luka 14: atakaye kujenga mnara huketi kwanza, ahesabu gharama. Leta nayo ihesabu: darasa, benchi, mwalimu mwenye mshahara. Jina kitabuni pasipo hayo matatu si nafasi, ni ahadi tu.

Nasi wazazi wa Kindu, toka Kasuku mpaka Alunguli ng'ambo ya mto, tusinyamaze. Kila mwaka tuulize: madarasa mangapi yamejengwa?