Mjomba Wangu Anangoja Kipimo Ambacho Hakijafika

Wacha nianze na kosa langu. Oktoba 2024, Victor Ambros na Gary Ruvkun walipotangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua maikroRNA, nilirekodi vidio ya dakika moja. Mwishoni nikasema, kwa ile sauti yetu ya kuvuta watu, kwamba siku zinakuja ambapo tone la damu litasema kama mwanaume ana saratani ya tezi dume, bila kidole cha daktari. Hiyo ya kidole ndiyo ilisambaa. Watu walicheka, wakatumiana kwa magrupu ya WhatsApp ya familia, hadi la kwetu.

Miezi michache baadaye nikalala kwa mjomba, nikagundua anaamka usiku mara nne kwenda msalani. Ana miaka 58. Babu, yaani babake, alikufa kwa saratani hiyo hiyo. Asubuhi nikamuuliza kama amewahi kupimwa.

"Si wewe ulisema kuna kipimo kipya kinakuja? Nangoja hicho, kijana wangu."

Nilinyamaza. Ungesema nini?

Sayansi yenyewe sikuidanganya. Seli ikitaka kutengeneza protini, jeni hutoa ujumbe. MaikroRNA ni kipande kifupi sana, kama herufi 22 hivi, kinachojibandika kwenye ujumbe huo na kuuzuia usisomwe. Ni kama mtu anayebandika karatasi juu ya notisi kabla wengine hawajaiona. Ya kwanza ilipatikana kwa mnyoo mdogo mwaka 1993, na kwa miaka kadhaa wengi walidhani ni mambo ya minyoo tu. Mwaka 2000 kikundi cha Ruvkun kikapata nyingine, let-7, na kumbe hata sisi binadamu tunayo.

Kwa tezi dume stori inakuwa nzito. Mwaka 2008 watafiti wa Italia walionyesha kwamba mbili kati ya hizi, miR-15a na miR-16-1, hupungua sana saratani inapokuwa imekomaa. Kazi yao moja ni kuzuia BCL2, protini inayoizuia seli isife. Zikipotea, seli iliyofaa kufa inaendelea kuishi na kuzaana. Ni gari lililokatwa breki kwenye mteremko. Nyingine, miR-21, hufanya kinyume: hupanda katika saratani nyingi na kunyamazisha jeni ambazo zingetulinda.

Sasa ile sehemu ambayo niliikata kwa vidio kwa sababu ilikuwa "inaboesha". Mwaka huo huo wa 2008, watafiti wa Seattle, Marekani, walionyesha kwamba maikroRNA hukaa imara kwenye damu, wakati RNA ya kawaida huharibiwa haraka. Wakapima miR-141 kwa wanaume 25 wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa na wengine 25 wazima. Hakuna mzima hata mmoja aliyeambiwa ni mgonjwa. Safi. Lakini kati ya wagonjwa, kipimo kilishika asilimia 60 pekee. Yaani 10 kati ya 25 walikosekana, na hawa ni watu ambao saratani ilikuwa tayari imetoka kwa tezi. Mtu kama mjomba, ambaye kama anayo pengine bado imejificha, angeshikwa vipi?

Tangu hapo tafiti zimekuwa nyingi na orodha za maikroRNA hazifanani. Hata vile damu inavyotolewa ni shida: seli nyekundu zikipasuka ndani ya chupa, humwaga maikroRNA zake na matokeo yanavurugika. Kwa upande wa dawa, jaribio la kuwapa wagonjwa wa saratani mbalimbali nakala ya miR-34a lilisimamishwa 2016 kwa sababu ya madhara makali ya kinga ya mwili. Na tafiti nyingi hutumia damu ya Ulaya, Marekani na Asia, ilhali wanaume weusi ndio wako kwa hatari kubwa zaidi. Hilo linaniudhi, na siku moja nitalifanyia vidio ndefu hata kama itatazamwa na watu kumi.

Kipimo kilichopo leo ni PSA, nacho si malaika. Hupanda kwa sababu ya maambukizi, au tezi ikiongezeka tu na umri, kitu ambacho pengine ndicho kinamwamsha mjomba. Hushika pia saratani za polepole ambazo zingemwacha mtu azeeke nazo. Lakini ni damu tu kutoka kwa mkono, na kinafungua mlango wa kuongea na daktari. American Cancer Society husema Wamarekani weusi waanze mazungumzo hayo wakiwa na miaka 45, na 40 kwa aliye na zaidi ya ndugu mmoja wa karibu aliyeugua mapema. Mjomba amechelewa miaka 13, na mimi nikamwongezea mingine na utani wangu.

Sisi tunaotengeneza vidio za sayansi tuna tabia mbaya. "Watafiti wamegundua" tunaigeuza kuwa "karibu upate". Aliye mzima anafurahi kisha anapitisha kidole kwa vidio inayofuata. Mwenye kuogopa hospitali anapata sababu ya kubaki nyumbani, na ameipata kwa mtu anayemwamini.

Nimeweka masahihisho juu ya ile vidio. Yametazamwa na wachache, vile nilitarajia. Mjomba nilimpigia mwenyewe, nikamweleza habari ya wale kumi wa Seattle. Akakaa kimya kidogo, akauliza kama PSA inataka mtu aende bila kula. Nikamwambia hapana, lakini asiendeshe baiskeli siku moja au mbili kabla, maana inaweza kuipandisha. Tunaenda Alhamisi, na amesema nikibeba kamera atarudi nyumbani.